Nyuki Wamesingiziwa

"Kindness, nipe kioo."

"Subiri kidogo, Panta. Ngozi ipoe kwanza."

"Ipoe vipi wakati inawaka moto? Nipe kioo, bwana!"

Kindness alikuwa amekificha kioo nyuma ya mgongo. Saluni nzima ilinuka limao. Mbele yake, kwenye kiti cha wateja, alikaa mwanaume anayempenda kuliko wote, Pantaleo, mfuga nyuki wa Nakwa, uso umevimba mpaka jicho la kushoto limebaki mstari. Mashavu yalikuwa yamewiva na kuchuruzika majimaji. Na haya yote, jamani, aliyafanya yeye kwa mikono yake miwili, ndani ya saa moja na nusu, tena huku akiimba.

"Ni kawaida," alisema, lakini sauti yenyewe ilikuwa haijiamini. "Uchafu ndiyo unatoka."

Pantaleo alisimama, akamzunguka, akakichukua kioo mkononi mwake. Akajitazama. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikaa tena polepole kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Jumapili ya wiki ijayo naenda kwa baba yako kujitambulisha," alisema. "Naenda na uso huu?"

Kindness akaanza kuokota maganda ya limao sakafuni.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Pantaleo alikuwa na chunusi tangu ujana wake, na hazikuwahi kumnyima usingizi mpaka ilipopangwa tarehe ya kwenda Singe kwa mzee Heriel, baba yake Kindness, kupeleka posa. Hapo ndipo akamwambia mchumba wake, "Nitengeneze kidogo nisimtishe mzee." Na Kindness, aliyekuwa akisifiwa mji mzima kwa kusafisha nyuso, akacheka na kusema, "Nipe saa moja tu."

Akamfunika blanketi kichwani juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Akamminya chunusi moja baada ya nyingine kwa kucha, hata zile zilizovimba na kuuma. Akamsugua kwa sukari na limao. Mwisho akampaka krimu ya kwenye kopo lisilo na jina, aliyoinunua mnadani. Kila Pantaleo aliposema inauma, yeye alimjibu, "Vumilia, ndiyo inafanya kazi."

Sasa siri yenyewe ni hii. Manyara ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa mkoa, Babati imejaa maofisa wapya na wake zao, na wake zao walitaka saluni kama za Arusha. Kindness aliwaambia wote kwamba alisomea kazi ya ngozi Nairobi mwaka mzima. Alimwambia hivyo Pantaleo. Alimwambia hivyo baba yake mzazi. Ukweli ni kwamba alifagia nywele kwenye saluni moja Arusha kwa miezi minne, na alichojifunza alijifunza kwa macho, ufagio mkononi. Wale wake za maofisa walikuwa na ngozi zao laini zisizo na neno, kwa hiyo hakuumbuka. Ngozi ya Pantaleo ndiyo iliyomuumbua.

Jioni ile simu ikaita.

"Nimefika nyumbani," Pantaleo alisema. "Mama amelia."

"Umemwambia nini?"

"Nyuki."

"Nyuki?"

"Ulitaka nisemeje? Kwamba mke wangu mtarajiwa ameniunguza? Mama angekuchukia kabla hujaingia ndani kwake. Nimesema nilifungua mzinga bila kuvaa wavu, wakanivamia. Majirani wote wamekuja kunipa pole. Kwa hiyo na wewe ukiulizwa, ni nyuki."

"Panta..."

"Ni nyuki, Kindness. Yameisha."

Alipokata simu, Kindness alishusha pumzi. Alisikia nafuu kabisa, mwili wote ukalegea. Halafu aibu ikamjia juu ya ile nafuu. Mtu amemharibu uso mwenzake, na bado anafurahi kwamba hajulikani!

* * *

Jumatatu uso ukaanza kutoa usaha. Wakaenda wote wawili kwa daktari, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na zahanati yake karibu na stendi.

"Umepatwa na nini, baba?"

"Nyuki, daktari."

Daktari akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga. Akatazama shavu la kulia, akatazama la kushoto. Akavua miwani.

"Nyuki hawa walikuwa na kucha?"

Pantaleo akakohoa.

"Maana hapa naona alama za kucha. Hapa pameungua kwa mvuke. Na hii michubuko ni ya kusuguliwa na kitu cha chengachenga. Mimi sijawahi kuona nyuki anayesugua."

Kindness alikuwa kwenye benchi pembeni, anaitazama sakafu.

"Kabla ya hao nyuki, ulikuwa unapaka dawa yoyote usoni?"

"Ndiyo. Dawa ya chunusi. Alinipa daktari wa ngozi kule Moshi. Napaka kila siku kabla ya kulala."

Kindness akainua kichwa. Alikuwa hajui! Miezi minane wanapendana, na siku aliyomlaza kwenye kiti chake hakumuuliza hata swali moja.

"Dawa hiyo inaifanya ngozi iwe nyepesi," daktari alisema. "Mtu anayeitumia hasuguliwi wala hafukizwi. Huyo aliyekushika alikuuliza kama unatumia dawa?"

"Hakuniuliza."

"Alikupaka krimu yake kidogo hapa chini ya taya, akangoja kesho yake aone ngozi inasemaje?"

"Hapana."

"Na zile zilizovimba alizikamua?"

"Zote."

"Basi huyo nyuki wenu mwambieni aache kazi mpaka asome. Uso wenye chunusi si sufuria ya ugali. Unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa vidole tu, taratibu. Anayetaka kusafishwa saluni aende kwa mtu aliyefundishwa, amtajie dawa zake zote. Krimu isiyo na jina haipakwi. Na ukisikia inawaka, unasema basi, naye anakuosha hapohapo. Hakuna cha kuvumilia." Akaandika dawa, kisha akamgeukia Kindness. "Wewe ni nani wake, dada?"

"Mchumba wake."

"Afadhali. Mwangalie asirudi tena huko."

"Sawa, daktari," alisema Kindness, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nje Pantaleo akamshika mkono.

"Makovu mengi yataondoka, labda libaki hili moja la shavuni. Umesikia mwenyewe, ni miezi tu."

"Kwa nini hunigombezi?"

"Nikikugombeza uso utapona?"

Afadhali angemgombeza, jamani. Kuna upole ambao unamuumiza aliyekosa kuliko kofi.

* * *

Jumanne mchana ukaja ujumbe kwenye simu yake.

*Jirani yangu Vicent kaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Anasema nyuki wangu wakali wataua watoto. Kikao Jumamosi saa 3. Wanataka mizinga itoke.*

Kindness akapiga simu palepale.

"Mizinga yote?"

"Yote thelathini na minne."

"Si aliyoiacha baba yako hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Utaipeleka wapi?"

"Sijui. Shamba lingine sina."

"Basi waambie ukweli, Panta! Sema si nyuki!"

"Nimeshasema mbele ya mtaa mzima. Nikigeuka leo wataniona mwongo anayetaka kuokoa nyuki wake. Na wewe saluni yako itakufa siku hiyohiyo. Kindness, nakuomba, usiseme kitu. Mimi nitajua la kufanya."

Na Kindness akasema, "Sawa."

Mimi simtetei. Alisema sawa, akarudi kumpaka mteja rangi ya kucha, na kila alipomaliza kidole kimoja alijiambia kwamba kesho atasema. Jumatano ikapita. Usoni kwa mtu hakugusa tena. Aliwaambia wateja kwamba krimu zimeisha.

Alhamisi asubuhi akabisha hodi mama yake Pantaleo.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mama Pantaleo akavua kandambili mlangoni kana kwamba anaingia chumba cha mtu, akaketi moja kwa moja kwenye kiti cha wateja. "Nimekuja unisafishe uso."

"Mama?"

"Si ndiyo kazi yako? Jumapili hii nakwenda kwa wakwe zangu wapya. Nifanye kama unavyowafanya wengine."

Kindness akawasha jiko. Akabandika maji. Akachukua limao na kisu, akalikata katikati. Mama akamtazama tu, mikono yake ya jembe imetulia mapajani. Maji yakaanza kutokota. Kindness akalichukua blanketi, akamsogelea, akauona ule uso wa mama uliochomwa na jua la miaka mingi, umefumba macho, unamwamini. Blanketi likamtoka mikononi.

"Mama, siwezi."

"Kwa nini?"

"Nitakuunguza."

Mama akafumbua macho. "Kama ulivyomuunguza Pantaleo."

Kindness akapiga magoti palepale chini, akaanza kulia.

"Amekuambia?"

"Aniambie yule? Yule kichwa chake ni jiwe. Mimi nimekaa na nyuki miaka thelathini, binti yangu. Marehemu mume wangu alikuwa akirudi mzingani, mimi ndiye namtoa miiba usoni mmoja mmoja. Nyuki akikuchoma anakuachia mwiba. Siku ile nilimwosha mwanangu uso mzima, sikukuta hata mmoja. Na uvimbe wa nyuki ukifika siku ya tatu umeshakwisha. Ule ukaanza kutoa usaha."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Kindness akajifunika uso kwa kiganja. "Nisamehe, mama. Nakuomba unisamehe."

"Kuniomba mimi msamaha ni rahisi, tuko wawili humu ndani. Jumamosi watakuwepo watu wengi." Akasimama, akavaa kandambili zake. "Sitakusemea. Na ukinyamaza, Jumapili nitakuja kukuposa hivyohivyo, maana mwanangu anakupenda mpaka amekuwa mjinga. Lakini kila nikikutazama nitaiona mizinga ya mume wangu ilivyobebwa."

Akaondoka. Maji yaliendelea kuchemka mpaka yakakauka, na Kindness hakuinuka kuyaepua.

* * *

Jumamosi saa tatu watu walijaa ofisi ya mtaa, wengine wakasimama nje madirishani. Kindness alifika amechelewa, akajibanza nyuma ya kina mama. Wawili kati yao walikuwa wateja wake.

Vicent alikuwa amesimama. Huyu Vicent alikuwa na kiwanja kinachopakana na shamba la Pantaleo, anataka kujenga vyumba vya kupangisha, na kila mtu alilijua hilo ila siku ile walilisahau.

"Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na Pantaleo. Nauliza tu. Kama nyuki wamemfanya hivi mwenyewe anayewafuga, watoto wetu watapona? Mtazameni uso wake!"

Watu wakamtazama. Pantaleo alikuwa kwenye benchi la mbele, kofia magotini, magamba meusi yamejaa mashavuni.

"Pantaleo," alisema mwenyekiti, mzee Paskali, "una la kusema?"

"Nilishasema, mzee. Walinivamia. Kosa ni langu, sikuvaa wavu."

"Hata kama. Usalama wa watu kwanza. Nadhani wananchi mtakubaliana nami kwamba mizinga..."

"Naomba kusema, mwenyekiti."

Sauti ilitoka nyuma. Kindness mwenyewe hakuamini kwamba ni yake.

"Kindness," Pantaleo alisema bila kugeuka, "kaa chini."

"Nimekaa siku nane, Panta." Akapita katikati ya watu mpaka mbele. "Mwenyekiti, nyuki wamesingiziwa. Uso ule niliuunguza mimi."

Kelele zikalipuka. Mwenyekiti akagonga meza. "Eleza!"

"Nilimfukiza kwa maji ya moto. Nikamkamua chunusi kwa kucha, nikamsugua kwa limao, nikampaka krimu nisiyoijua. Sikumuuliza kama anatumia dawa. Alikuwa anatumia. Akasema inauma, nikamwambia avumilie. Alipofika nyumbani akanificha, akawataja nyuki, na mimi nikanyamaza kwa sababu naogopa mtanijua. Na mnijue tu. Nairobi sijawahi kusoma. Nilikuwa mfagiaji wa saluni Arusha. Nyuso zenu nilikuwa nabahatisha."

"Heee!" mama mmoja akagonganisha viganja. "Na uso wangu ulioushika miezi yote hiyo?"

"Ni Mungu tu, mama. Naomba unisamehe."

"Mungu! Angalia huyu!"

Kutoka dirishani mzee mmoja akadakia, "Kumbe Pantaleo alikwenda kujiremba! Bwana harusi alitaka kung'aa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Vicent alicheka, na yeye ndiye aliyekuwa anapoteza. Pantaleo akachukua kofia yake, akaivaa, akapita katikati ya kile kicheko, akatoka. Hakumtazama Kindness hata kwa pembe ya jicho.

Mwenyekiti akasema mizinga ibaki pale ilipo. Kindness hakumsikia vizuri. Alikuwa anautazama mlango.

* * *

Siku hiyohiyo alipanda juu ya stuli, akang'oa kibao cha saluni yake mchana kweupe, watu wanapita na kunong'ona. Zile krimu alizimwaga chooni. Kisha akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena.

*Nimekuaibisha mara mbili Panta. Kwanza uso halafu mbele za watu. Nisamehe. Sitakusumbua.*

Hakujibiwa.

Nyumbani Singe, baba yake alikuwa ameketi kibarazani. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yake, kama kawaida ya mji huu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Kanisani nimewaambia watu wote kwamba binti yangu ni mtaalamu wa ngozi. Mchungaji nimemwambia."

"Najua, baba."

"Mimi nilikukosea nini hata unidanganye?"

"Hukunikosea. Niliona aibu kurudi nyumbani nikiwa mfagiaji. Saluni nimefunga. Siku nikifungua tena nitakuwa nimesoma kweli."

Mzee Heriel akatikisa kichwa. "Kesho usitegemee mtu. Hakuna mwanaume atakayekuja kuposa baada ya kuchekwa namna ile."

Na Kindness alijua baba yake anasema kweli.

Jumapili baada ya ibada mama yake Kindness alipika ndizi hata hivyo, sufuria kubwa, bila kumwambia mtu anampikia nani. Ilipofika saa nane, mbwa wakabweka. Kindness akachungulia kwenye pazia la jikoni. Mama Pantaleo alikuwa ameshaingia uani na kitenge chake kipya. Nyuma yake mjomba Tadeo, ndiye mshenga. Na nyuma ya mjomba, Pantaleo.

Wakakaribishwa, wakaketi. Salamu zikazunguka, hali ya mvua, hali ya mahindi. Kindness alikuwa nyuma ya pazia, ametega sikio. Mjomba Tadeo akakohoa, akaanza maneno yake ya ushenga, lakini mzee Heriel akamkatisha.

"Kwanza huyu kijana. Uso wake umefanyaje?"

Mzee alikuwa anajua, sana tu! Alitaka kusikia watasemaje.

"Aah, ni ajali ndogo ya kazini, mzee mwenzangu," mjomba akawahi. "Si unajua mambo ya..."

"Mjomba," alisema Pantaleo, "samahani. Niache nijibu mwenyewe."

Kwa desturi mwoaji hasemi kitu siku hiyo. Hukaa akatazama miguu yake, wakubwa ndio wanaoongea. Mjomba Tadeo akabaki mdomo wazi.

"Ni binti yako aliyeniunguza, mzee. Na mimi nikadanganya kwamba ni nyuki. Nilidhani namlinda, kumbe namfunga mdomo. Jana alisimama mbele ya mtaa mzima akasema yale ambayo mimi mwanaume nilishindwa kusema. Halafu nikamwacha pale peke yake nikaondoka. Sikuondoka kwa hasira. Niliona aibu. Aliniandikia ujumbe, nikashindwa kuujibu kwa aibu hiyohiyo. Nimekuja kumjibu hapa."

Mjomba Tadeo akaufunga mdomo wake.

"Na pamoja na yote hayo," mzee Heriel akauliza polepole, "bado unamtaka?"

"Namtaka, mzee. Ila uso nitaosha mwenyewe."

Mama Pantaleo ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata mjomba. Mzee Heriel alijaribu kukunja uso, ikashindikana, mabega yakaanza kumtikisika.

"Kindness!" akaita. "Hebu njoo hapa!"

Akatoka jikoni, kanga kiunoni, macho mekundu, akasimama katikati ya sebule. Alikuwa analitazama zulia.

"Unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu, baba."

"Uliwakosea?"

"Niliwakosea."

"Haya. Katika hawa, yupo unayemtaka?"

Tangu siku ile ya kioo Kindness alikuwa hajamtazama Pantaleo usoni sawasawa. Kwa daktari aliangalia sakafu, kwenye kikao alimwangalia mwenyekiti. Sasa akainua macho, akautazama ule uso wote, magamba na madoa na lile kovu la kwenye shavu ambalo daktari alisema huenda lisiondoke. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na hakuyaondoa macho.

"Yupo, baba."

Mama Pantaleo akasogea kwenye kochi, akampisha akae.